Miaka miwili iliyogeuka themanini: Mkataba wa gesi kwenye shamba la mtu hufa vipi?

Majuzi jirani yangu alinijia baada ya Magharibi akiwa na bahasha mkononi. Kuna kampuni inayotaka kusimamisha mnara wa simu kwenye kona ya shamba lake, na wamemwachia mkataba wa kurasa kumi na moja, wote kwa Kiingereza. Alitaka kujua jambo moja tu. "Ndugu yangu, hapa wameandika miaka mitano. Baada ya hapo shamba lanirudia, sivyo?"

Niliusoma polepole. Miaka mitano ilikuwepo kweli. Lakini mbele yake palikuwa na koma, na baada ya koma maneno mengine: na kwa muda wowote baada ya hapo, maadamu mnara unaendelea kutumika. Nikamwambia, "Mzee, usitie saini kwanza."

Mimi si wakili. Nina stashahada ya usimamizi wa ardhi, basi. Lakini maneno hayo yanayofuata koma nayafahamu. Ndiyo yale yale ambayo wenye mashamba kule Marekani wamekuwa wakiyapigania mahakamani kwa zaidi ya miaka mia moja, katika kesi za kutaka mikataba ya mafuta na gesi ifutwe. Ukizielewa kesi hizo, utaelewa kwa nini nilimzuia jirani yangu.

Mafuta yaliyo chini ya shamba ni ya nani?

Tuanze na tofauti iliyopo kati yetu na wao, maana bila hiyo hadithi yote haitaeleweka.

Hapa Kenya, hata ukiwa na hati miliki ya shamba lako, mafuta na madini yaliyo chini yake si yako. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inayahesabu kuwa ardhi ya umma, nayo Sheria ya Petroli ya 2019 inaipa serikali mamlaka ya kuingia mkataba na kampuni. Wewe mwenye shamba unalipwa fidia ya ardhi itakayotumika na mali itakayoharibiwa. Mapato ya serikali kutokana na mafuta hugawanywa asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali hapo.

Marekani mambo ni tofauti, karibu peke yake duniani. Kule mwenye shamba kwa kawaida ndiye mwenye kilicho chini pia, isipokuwa kama yeye au aliyemuuzia alikwishaziuza haki hizo mbali na ardhi ya juu. Tangu kisima cha Drake kilipotoa mafuta huko Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, kampuni haikuhitaji kwenda kwa serikali ili ichimbe kwenye shamba la mkulima. Ilikwenda kwa mkulima mwenyewe. Wakala alibisha hodi, akaketi mezani jikoni, akatoa karatasi.

Ndiyo maana ugomvi wa kufuta mkataba kule huwa ni kati ya raia na kampuni, na hakimu huuamua kwa kusoma karatasi waliyoitia saini.

Karatasi yenyewe imeandikwaje

Mkataba wa kawaida wa mafuta na gesi una malipo ya aina tatu. Ya kwanza hutolewa siku ya kutia saini, kwa hesabu ya kila ekari. Ya pili ni pesa ndogo za kila mwaka za kumtuliza mwenye shamba wakati kampuni haijaanza kuchimba. Ya tatu ni mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya kile kitakachotoka ardhini. Kwa miaka mingi mrabaha ulikuwa sehemu moja kwa nane, na huko Pennsylvania sheria ya 1979 ilikataza kumpa mwenye shamba chini ya hapo.

Kisha kuna muda, na hapa ndipo penye mtego. Muda umegawanywa sehemu mbili. Muda wa kwanza ni namba: miaka miwili, mitatu, mitano au kumi. Katika muda huo kampuni ina haki ya kuchimba lakini hailazimiki. Muda wa pili hauna namba. Unasema mkataba utaendelea baada ya hapo kwa kadiri mafuta au gesi itakavyoendelea kuzalishwa.

Kwa hiyo mkulima anayesema "nimekodisha kwa miaka mitano" amesema nusu tu ya kweli. Amekodisha kwa miaka mitano ikiwa hakuna kitakachopatikana. Kikipatikana, amekodisha hadi kisima kikauke, na hilo laweza kufika kwa wajukuu zake.

Na mara nyingi kisima kimoja chatosha kushikilia shamba zima. Kampuni ikichimba kwenye kona moja ya ekari mia mbili, au ikiunganisha ekari chache za shamba lako na mashamba ya jirani ili kuchimba kisima kimoja, ekari zote zilizobaki hukaa chini ya mkataba bila kuguswa. Ili kuzuia hilo, wakili mmoja wa Louisiana aliyeitwa Pugh alibuni kifungu kinachoziachilia ekari zisizofanyiwa kazi muda wa kwanza ukiisha. Hadi leo kifungu hicho kinaitwa kwa jina lake. Lakini lazima kiwe kimeandikwa kwenye karatasi, na wakala hatakukumbusha.

Kwa nini watu hukimbilia mahakamani

Sababu kubwa ni bei. Chukua mkulima wa Pennsylvania ambaye babu yake alitia saini wakati ekari moja ililipwa dola chache. Kisima kidogo kikachimbwa, kikawa kinatoa gesi kwa kudondoka. Miaka mingi baadaye, yapata 2008, ikajulikana kwamba gesi iliyojifungia ndani ya mwamba wa Marcellus inaweza kutolewa kwa kuupasua mwamba kwa maji yenye shinikizo kubwa. Kampuni zikaanza kulipa maelfu ya dola kwa ekari.

Jirani asiye na mkataba wa zamani akapata pesa. Huyu mwenye mkataba wa babu hakupata kitu, kwa sababu haki zake zilikwishakodishwa zamani, na mkataba umeandikishwa kwenye ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya kaunti. Hakuna kampuni nyingine itakayomlipa mtu ambaye sajili inaonyesha shamba lake bado liko mikononi mwa mwingine. Njia iliyobaki ni kwenda kumwambia hakimu kwamba mkataba ule umekwisha.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu kuna njia mbili za kuumaliza mkataba, na haziendi mahali pamoja.

Njia ya kwanza: mkataba uliokufa wenyewe

Katika njia hii mwenye shamba haombi mahakama iuue mkataba. Anaiomba itamke kwamba ulikwishakufa wenyewe siku ile muda ulipopita au uzalishaji uliposimama. Kosa la kampuni halihitajiki. Ni suala la tarehe na hesabu.

Mfano wa tarehe ni kesi ya wenye mashamba wa kaunti ya Tioga, jimbo la New York, dhidi ya kampuni ya Inflection Energy na wenzake. Mikataba ilitiwa saini kuanzia 2001, ikiwa na muda wa kwanza wa miaka mitano. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ikaanza uchunguzi mpya wa mazingira kuhusu upasuaji wa miamba, na vibali vya aina hiyo ya uchimbaji vikakwama. Miaka ikapita. Wenye mashamba wakasema mikataba imekwisha. Kampuni zikajibu: sisi tumezuiwa na serikali, na mkataba una kifungu cha dharura kinachosema tukizuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wetu, muda huo hauhesabiwi.

Ukisikiliza kwa moyo, hoja ya kampuni haikosi mantiki. Lakini mwezi Machi 2015 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ilisoma karatasi. Kifungu cha muda hakikusema kwamba kinategemea kifungu cha dharura. Kwa hiyo dharura haikuweza kuurefusha muda wa kwanza. Ingeweza kusaidia tu katika muda wa pili. Mikataba ilikuwa imekufa. Wenye mashamba walishinda kwa sababu ya jinsi vifungu viwili vilivyopangwa.

Mfano wa hesabu ni mgumu zaidi, na ndio ulionipa kichwa cha makala hii. Mwaka 1928 shamba moja la kaunti ya Indiana, Pennsylvania, lilikodishwa kwa miaka miwili, na baada ya hapo kwa kadiri mafuta au gesi itakavyozalishwa kwa kiasi chenye faida. Visima vikachimbwa, gesi ikatoka. Shamba likagawanywa, likabadilisha mikono. Miaka ya 2000 kampuni ya T.W. Phillips ikataka kuchimba visima vipya, na mmiliki wa sehemu mojawapo akapinga. Hoja yake: mwaka 1959 visima vile vilipata hasara. Kama mwaka huo hakukuwa na faida, basi mkataba ulikufa mwaka huo, na kilichokufa hakifufuki.

Hasara yenyewe ilikuwa takriban dola 40.

Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Pennsylvania, ambayo iliamua mwaka 2012. Majaji walisema hasara ya kipindi fulani peke yake haitoshi kuua mkataba. Lazima uangalie muda wa kutosha kulingana na hali ya mambo, na uangalie kama kampuni iliendelea kuendesha visima kwa nia njema, ikitarajia faida, au ilivishikilia tu ili ardhi isiponyoke. Mwenye shamba hakuthibitisha nia mbaya. Mkataba wa miaka miwili ukawa bado hai ukiwa na umri wa miaka zaidi ya 80.

Kipimo cha namna hiyo hakikuanzia hapo. Mahakama ya Juu ya Texas ilikwishakiweka mwaka 1959, katika kesi ambayo mkataba ulisalimika pia. Kwanza unatazama kama mapato ya kisima yanazidi gharama za kukiendesha na kuuza kinachotoka, bila kuhesabu gharama ya awali ya kukichimba. Hilo la mwisho lina uzito: kampuni inaweza kuwa bado haijarudisha mtaji wake hata robo, na kisima kikahesabiwa kuwa chenye faida. Pili, unauliza kama mwendeshaji mwenye busara angeendelea na kisima hicho kwa ajili ya faida, au anabahatisha tu akisubiri bei ipande.

Tazama basi nani ana mzigo. Anayetaka mkataba utangazwe umekufa ndiye anayepaswa kuleta hesabu za mwezi kwa mwezi: gesi iliyouzwa, bei, mshahara wa mlinzi wa kisima, ukarabati. Hesabu hizo karibu zote ziko kwenye makabati ya kampuni. Mkulima ambaye hakutunza hata stakabadhi za mrabaha anaingia mahakamani mikono mitupu. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Njia ya pili: mkataba uliovunjwa

Njia hii ni ya mtu anayesema kampuni imekosea: haijalipa mrabaha ipasavyo, imechimba kisima kimoja na kulisahau shamba lingine, au inaiacha gesi ivutwe na kisima kilichoko upande wa pili wa mpaka. Mahakama za Marekani zinakubali kwamba kampuni ina wajibu wa kuliendeleza shamba na kulilinda, hata kama mkataba hausemi hivyo waziwazi.

Lakini kuvunja wajibu ni jambo moja, na kufutiwa mkataba ni lingine. Tangu uamuzi wa 1929, Mahakama ya Juu ya Texas imeshikilia kwamba dawa ya kawaida ya kosa la kutoendeleza shamba ni fidia ya pesa. Kufuta ni hatua ya mwisho, pale tu ambapo fidia haitoshi, na hata hapo kampuni hupewa nafasi ya kurekebisha kwanza: chimba ndani ya muda huu, la sivyo unapoteza.

Ndiyo maana mikataba mingi ina kifungu kinachomtaka mwenye shamba atoe notisi ya maandishi na kungoja siku kadhaa kabla ya kushtaki. Asiyetoa notisi anaweza kufukuzwa mlangoni hata kama malalamiko yake ni ya kweli. Jimbo la Ohio limeweka utaratibu wake kisheria: mwenye shamba anaipelekea kampuni notisi kwamba mkataba umepotea, na kampuni isipoandikisha pingamizi ndani ya siku 60, anaweza kukamilisha hatua zilizobaki na mkataba ukafutwa kwenye sajili bila kesi. Hilo husaidia sana pale kampuni ilipokufa au haijulikani iliko. Kampuni iliyo hai itajibu, na hapo mtaonana mahakamani.

Makosa yanayowagharimu wenye shamba

Kuna mambo matatu yanayojirudia katika kesi hizi.

La kwanza ni kupokea pesa huku unalalamika. Mtu anasema mkataba ulikufa miaka sita iliyopita, lakini kila mwezi ameweka hundi ya mrabaha benki. Wakili wa kampuni ataziweka hundi hizo mezani na kuuliza: kama ulijua umekufa, ulikuwa unalipwa kwa nini? Si kila mara hoja hiyo hushinda, lakini huumiza.

La pili ni kufunga lango. Mwenye shamba akikasirika akawazuia wafanyakazi kufikia kisima, uzalishaji ukisimama ni yeye aliyeusimamisha. Hawezi tena kusema mkataba umekufa kwa kukosa uzalishaji. Na akishtaki akadai mkataba haupo, katika baadhi ya majimbo mahakama husimamisha saa. Kesi ikidumu miaka mitatu naye akashindwa, kampuni hurudishiwa ile miaka mitatu.

La tatu ni kutia saini mkataba wa pili na kampuni mpya kabla ya kuhakikisha wa kwanza umekwisha. Hapo unaweza kujikuta umeahidi kitu ambacho huna, na sasa una kampuni mbili za kukabiliana nazo.

Sisi wa Pwani tuchukue nini?

Msomaji anaweza kusema, haya ni ya Wamarekani. Sisi mafuta ni ya serikali. Ni kweli. Mkulima wa Kilifi au Lamu hatapata mkataba wa gesi kutoka kwa wakala jikoni kwake. Lakini ardhi ya juu ni yetu, na inakodishwa kila siku: kwa minara ya simu, machimbo ya mawe, mitambo ya umeme wa jua na matangi ya chumvi. Maneno ya baada ya koma yanaingia katika mikataba hiyo vile vile.

Kwa hiyo ukiletewa karatasi, usiishie kwenye namba ya miaka. Uliza mkataba unaisha siku gani hata kama shughuli bado inaendelea. Uliza shughuli ikisimama, ni baada ya siku ngapi ardhi inarudi, na nani atang'oa vyuma na kufukia mashimo. Uliza kama sehemu isiyotumika inaachiliwa. Uliza ukiwa na malalamiko unatoa notisi kwa nani, kwa anwani gani. Taka nakala yenye saini zote mbili, na uhakikishe mkataba umesajiliwa kama ulivyokubaliana, si zaidi. Kisha weka daftari la kila shilingi inayoingia na tarehe yake. Ukikosa pesa za wakili wa kesi, tafuta za wakili wa kusoma karatasi saa moja kabla ya saini, maana ya pili ni rahisi mno.

Na jambo la familia lisisahaulike. Yule aliyetia saini mwaka 1928 hakuwepo kesi ilipoamuliwa 2012. Walioulipa mkataba ule ni watu ambao hawakuwahi kuulizwa. Huku kwetu, ambako mashamba mengi ni ya urithi na hayajagawanywa, mmoja anaweza kutia saini na nduguze wote wakafungwa, au wakaanza kushtakiana wao kwa wao. Waiteni wote kabla ya kalamu kushikwa, wakiwemo dada walioolewa mbali.

Jirani yangu alirudi kwa ile kampuni na ombi moja: maneno yote yaliyo baada ya koma yaondolewe, na badala yake iandikwe miaka mitano, kisha mazungumzo mapya. Walimwambia mkataba ule ni wa kawaida, kila mtu anautia saini. Akawajibu kwamba yeye ana muda. Hadi ninapoandika hawajarudi, na kona ya shamba lake bado ina mihogo.